Ruhusa ya Kula

Uso wangu haukuumbwa kwa kubembeleza. Tangu utotoni watu huniuliza nimenuna nini, hata siku ambazo nimefurahi. Katika nyumba niliyofanyia kazi huko Riyadh, uso huo ndio uliompa mtoto wa madam ruhusa ya kula au kumnyima. Madam mwenyewe ndiye aliyetaka iwe hivyo.

Mtoto alikuwa msichana wa miaka sita. Nilipofika pale alikuwa na tumbo lililovimba, mikono na miguu myembamba, na kila alichokula kilipita mbio kana kwamba mwili ulikuwa unakifukuza. Walimu walimleta nyumbani amelala begani. Daktari alipomaliza vipimo vyake alisema utumbo wa mtoto huyu hauwezi ngano wala shayiri. Chembe ikiingia, utumbo unachubuka kwa ndani, halafu hata chakula kizuri hakimfaidi. Dawa yake ni kutokula vitu hivyo, basi. Nilikuwa nimempakata mtoto mle chumbani, kwa hiyo haya sikusimuliwa. Daktari aliongeza kwamba baada ya Idi atampima uzito, na kama hajanenepa hata kidogo, atamlaza na kumlisha kwa mpira wa kupitishwa puani. Madam alianza kulia. Mtoto alinigeukia akauliza mpira unapitaje puani, nami nikamwambia hautapita.

Wiki za kwanza zilitushinda. Mtoto alilia akitaka biskuti, madam naye analia, na mwisho wa vilio vyote biskuti inatolewa kabatini, nusu tu, ya leo tu. Kesho yake tunafua mashuka. Siku moja madam aliniita jikoni, akafunga mlango. Alikuwa mwalimu, mwanamke wa kusema sentensi nzima, lakini siku hiyo maneno yalimtoka vipande vipande.

"Mimi nikisema hapana, analia mpaka nalegea," alisema. "Wewe hulegei. Kuanzia sasa wewe ndiye wa kusema. Ukikataa, halas, imekwisha. Hata mimi nikikuomba, kataa."

Sikujua kama ni sifa au tusi. Niliitikia.

Tulianza na vitu vichache: wali mweupe, viazi, mayai, kuku wa kuchemsha, ndizi. Kitu kipya kiliingia peke yake, tukakingoja siku kadhaa kabla ya kuleta kingine. Nikawa mtu wa kuchungulia choo kabla maji hayajavutwa. Madam alisoma maandishi ya pakiti, mimi nikauliza maswali ya mpishi, na mara nyingi hatukukubaliana. Yeye alitaka vile vipande vya supu vya kutia ladha kwenye wali, kwa sababu mtoto amechoka na wali usio na ladha. Nikasema hapana, hatujui vimesagwa pamoja na nini. Bizari za dukani nilizikataa zote, nikaanza kutwanga zangu. Viazi vya kukaanga nilivikubali, kisha nikavikataa jioni ile ile nilipokumbuka kuwa mafuta yale yamekaanga sambusa. Hata tende zilinipa taabu. Tende nzima nilimpa, zile zilizokatwakatwa nikazizuia, kwa sababu hunyunyiziwa unga zisigandane. Madam alinitazama kana kwamba ninayatunga.

Kilichoniuma zaidi ni ugali. Dereva wa nyumba ile, mwanamume kutoka Machakos ambaye mdomo wake haukujua kupumzika, alikuwa akituletea unga wa mahindi kutoka duka moja la vitu vya kwetu kule Batha. Nilisonga ugali mweupe, mahindi matupu, na yule mtoto akaula kwa vidole huku akicheka. Niliona fahari isiyo na mfano. Kumbe chakula cha kwetu ndicho kitakachomwokoa mtoto wa watu! Nilianza hata kupanga nitakavyomfundisha kumega tonge. Halafu nikamuuliza dereva unga ule unauzwa kwa pakiti au kwa kupima.

"Wanachota kwa gunia, sista. Kwa kikombe."

"Na hicho kikombe kinachota nini kingine?"

"Kinachota vitu zote. Hiyo ni duka, si maabara." Akanitazama vizuri. "Sasa we ni house girl ama ni daktari?"

Niliuondoa ugali mezani kwa mkono wangu mwenyewe, mtoto akilia, nikaenda kuula jikoni nikiwa nimesimama, kwa hasira. Sikumpa tena.

Ndivyo tulivyozoea. Mtoto angeinua kijiko hadi karibu na mdomo, anisake kwa macho popote nilipo, nami nikitikisa kichwa kukubali ndipo anameza. Shuleni hakugusa chochote ila kile nilichomfungia. Rafiki za madam walikuja kutazama, wakacheka, wakasema mtoto amepata mama mwingine. Tumbo lilianza kushuka. Mashavu yakaanza kuonekana. Sitaficha, nilijisikia. Sikuwahi kuwa mtu mkubwa mahali popote, na sasa hapa palikuwa na mdomo mmoja ambao haukufunguka bila mimi.

Mwisho wa Ramadhani tulisafiri kwenda Jeddah, kwa mama yake baba, yaani mama wa bosi wangu wa kiume. Sisi wafanyakazi tulimwita mama kabira, yaani mama mkubwa. Alikuwa amezaliwa Ruwais wakati wanaume wa pale bado wanaishi kwa samaki, na sasa alikaa kwenye nyumba kubwa Aziziya, lakini mikono yake ilikuwa bado ya mtu wa kazi. Hakupenda mfanyakazi ampikie. Alipika mwenyewe, akalisha kila aliyepita, hata mlinzi wa nyumba ya jirani. Kwake mtu asiyekula amekasirika au anaumwa.

Jikoni mwake mkate ulikuwa kila mahali. Na mkate hautupwi. Kipande kikianguka sakafuni kinaokotwa, kinabusiwa, kinawekwa juu. Yaliyobaki hukaushwa na kutiwa kwenye mfuko wa kitambaa uliotundikwa msumarini. Nilianza kufuta makombo tangu siku ya kwanza, nikatenga sufuria, nikatenga kisu, nikauhamishia mfuko ule upande wa pili. Alinifuata nyuma.

"Unafuta nyumba yangu kama nyumba yenye maradhi," alisema.

"Samahani, mama. Ni kwa ajili ya mtoto."

"Mtoto ana maradhi ya kunyimwa. Nimelea wanangu wote kwa mkate. Niambie yupi alikufa."

Nilimwogopa, lakini pia nilimwelewa, na hilo ndilo lililonitia wasiwasi zaidi. Mtu mbaya unamlinda kirahisi, unakaa mlangoni. Huyu alimpenda mtoto kweli, na mapenzi yake yote yalipitia kwenye kijiko. Nikawa silali mchana, wala sitoki hata kwenda kuanika nguo bila kumvuta mtoto mkono tuende wote. Kila nikisikia kikombe kikigonga sahani, nakimbilia kuangalia.

Asubuhi moja nilimkuta mama kabira akitengeneza sobia, kinywaji wanachokipenda sana wakati wa kufuturu. Alikuwa ameloweka shayiri na ule mkate mkavu wa mfukoni, akatia iliki na mdalasini, na sasa anakamua yote katika kitambaa cheupe. Kilichotoka kilikuwa cheupe na kizito kidogo. Ungekiona mezani ungedhani ni tui la nazi. Nilisimama nikitazama machicha yakibaki kitambaani. Nilitaka kusema neno, nikasema moyoni kwamba mtoto hatapewa, kwa nini nianze vita kabla ya wakati wake.

Jioni kitambaa cha chakula kilitandikwa sakafuni. Dada zake mama kabira walikuja, wazee kama yeye. Baba alikuwepo, madam amekaa pembeni ya mkwewe, mtoto katikati. Mimi si Mwislamu, sikufunga, lakini nilikaa njaa na wao kwa sababu ya pilikapilika za jikoni. Azana ilipomalizika nilikuwa nikiingiza bakuli za supu. Nikaona bilauri mkononi mwa mtoto. Ilikuwa imejaa ile sobia. Alikuwa ameiinua hadi mdomoni, hajanywa, na macho yake yananitafuta mlangoni.

"Kunywa, roho yangu," mama kabira alimwambia. "Nimekutengenezea wewe."

Nilitikisa kichwa kukataa.

Mtoto alishusha bilauri. Wale wazee wote walinigeukia. Mama kabira hakunitazama mimi, alimtazama madam, na madam akakitazama kitambaa cha chakula. Kisha akaniambia kwa Kiingereza, polepole, "Mwache. Leo tu. Tone moja."

Hiyo ndiyo sauti niliyoambiwa niikatae. Lakini kuambiwa jikoni mlango umefungwa ni jambo moja, na kuikataa mbele ya mkwe wake, mumewe na wageni wake ni jambo lingine. Niliweka bakuli chini.

"Hapana, madam," nikasema.

Hapo ndipo mama kabira aliponisemesha mwenyewe, kwa upole kabisa, kama mtu anayemweleza mtoto. "Mkate uko wapi hapa? Onyesha. Nimechuja kwa mkono wangu. Mkate umebaki kwenye kitambaa. Haya ni maji na sukari."

Aliamini alichosema, na wenzake waliamini, na hata baba nilimwona anaanza kukubali kwa kichwa. Nikaona mtoto ameanza kuinua tena bilauri. Sikuwa na maneno ya daktari kwa Kiarabu. Nilikuwa na jambo moja tu la kutoa mfano, jambo nililoliona tangu utotoni nyumbani kwa babu, nikalisema bila kulipima.

"Mama, kwetu pombe huchujwa hivi hivi. Machicha yanabaki kwenye gunia. Lakini watu wanalewa yale maji."

Nilikuwa nimeingia kwenye futari ya watu, mwezi wa Ramadhani, nikamwambia mwanamke mcha Mungu kwamba kinywaji chake kinafanana na pombe. Mama kabira alichukua bilauri kutoka kwa mtoto, akaiweka kando, akajifuta mikono na kuondoka chumbani bila kula. Dada zake wakamfuata mmoja mmoja. Madam alijifunika uso.

Baba hakunifokea. Ningependa angefoka. Alisema, "Kesho utarudi Riyadh na dereva. Ukae nyumbani mpaka tuje. Mambo mengine tutazungumza baadaye."

Asubuhi madam alikuja garini mbio mbio kama mwizi. "Niambie nimpe nini," alisema. Nikamwambia: wali, mayai, ndizi, samaki wa kuchoma asiyepakwa kitu, basi. Mtoto alisimama nyuma yake na doli lake, hakulia. Nilitamani alie. Njia ya kurudi Riyadh ni ndefu, jangwa tupu, na dereva alijitahidi kunyamaza kwa muda aliouweza, ambao haukuwa mrefu.

"Lakini sista, pombe? Ramadhani? Mbele ya mathe wa bosi?"

"Niache."

"Nakuacha. Lakini hata mimi ningekutuma Riyadh. Ningekutuma hata mbele ya hapo." Baadaye akasema kwa sauti nyingine, "Ukipewa tiketi ya kurudi home, nitakupeleka airport mimi mwenyewe, usiende na teksi." Hapo ndipo nilipolia.

Nilikaa kwenye nyumba tupu nikipanguza vitu visivyo na vumbi. Ndiyo, niliogopa kurudishwa. Lakini niliyemwaza zaidi ni mtoto. Kila saa ya kula nilijiuliza kijiko kinaingia na nini mdomoni mwake, na nani anayetazama. Niliona sobia kila mahali. Nilimwona akinywa, akilala darasani, akilazwa, ule mpira ukipita. Nilipanga maneno ya kumwambia mama kabira siku mtoto atakapougua, maneno makali, na yalinipa raha kidogo.

Madam alipopiga simu ya video, hakuniambia mtoto anaumwa. Aliniambia mtoto hali.

"Hali nini?"

"Hali kitu chochote. Tangu uondoke anakunywa maji tu, na ndizi moja jana, baada ya kunisumbua nusu siku. Nampikia wali ule ule. Anainua kijiko, anatazama mlangoni, anakishusha. Anasema hujasema." Alikuwa analia. "Mimi ni mama yake. Namwambia kula, ni salama, ananitazama kama mtu wa barabarani."

Niliketi kwenye kiti cha jikoni. Nilikuwa nikingoja habari mbaya kutoka kwenye sufuria ya mama kabira, kumbe mbaya ilikuwa imetoka kwangu. Nilikuwa nimemfundisha mtoto kumwogopa kila mtu ila mimi, mtu wa mkataba, ambaye nikiambiwa kesho nipande ndege nitapanda. Siku ya mizani ilikuwa karibu. Mpira ule ungeweza kupita bila hata chembe moja ya ngano.

Nikasikia simu ikinyang'anywa. Sura ya mama kabira ilitokea kwenye kioo, karibu mno, kipaji cha uso na jicho moja. Kisha akaisogeza mbali, akaisimamisha mezani, nikaona jiko lake, na mtoto amekaa mbele ya sahani. Mifupa ya shingo yake ilikuwa imetokeza. Jikoni walikuwa katikati ya kazi za Idi: trei za biskuti za kujazwa tende, bakuli la kinyunga kilichokandwa tayari, rundo la unga wa ngano.

"Mtazame," mama kabira alisema. Hakunisalimu. "Wali. Samaki. Sema neno lako ale."

"Samaki umempaka unga, mama?"

Midomo yake ilibana. "Sikumpaka."

"Wali una nini?"

"Maji. Chumvi. Mafuta mapya, nimefungua chupa mbele ya mama yake. Sufuria nimeisugua mwenyewe. Unataka niape?"

Nilijua hadanganyi. Ilibaki mimi kutikisa kichwa kukubali tu. Mtoto alikuwa tayari ameshika kijiko na kunitazama, na sitasema uongo, ilikuwa tamu, dakika ile, mama kabira wa Aziziya na nyumba yake nzima wakiningoja mimi. Niliiona ilivyo tamu, nikaiogopa.

"Mimi siko hapo," nikamwambia mtoto. "Hapa sinusi, sionji. Mpishi ni nyanya yako. Kuanzia leo muulize nyanya yako."

Mtoto hakuelewa. Nikarudia. Aliweka kijiko chini, akanitazama muda mrefu na uso wa mtu aliyeachwa, nami nikajikaza nisitikise kichwa. Madam alisogea nyuma yake akamshika mabega. Mwishowe mtoto akamgeukia mama kabira.

"Nyanya, nile?"

Mama kabira alifungua mdomo ajibu, na jibu lilikuwa tayari, ndiyo kubwa, ndiyo ambayo amewaambia watoto wa watu maisha yake yote. Haikutoka. Aliitazama sahani. Akaitazama meza, trei, lile rundo la unga, na jinsi vyote vilivyokaribiana. Kisha akainua mikono yake miwili akaitazama, mbele na nyuma. Kwenye kucha na chini ya pete kulikuwa na kinyunga cheupe, kikavu.

"Ngoja," alimwambia mtoto. Sauti ilikuwa ndogo. "Usiguse. Ngoja kwanza."

Akaichukua ile sahani, akawamwagia paka wa uani chakula chote. Akavua pete moja moja, ya mwisho ilimkatalia akaivuta kwa nguvu, akaziweka dirishani. Akaenda kwenye sinki akatugeuzia mgongo. Tukawa tunamngoja, mtoto na mama yake Jeddah, mimi Riyadh, tukisikiliza maji yakimwagika na brashi ikisugua, na kila tulipodhani amemaliza alianza tena.